Presha imeshuka, na mshipa je? Jinsi ya kuutunza utando wa ndani wa mishipa ya damu

"Nesi, namba imekuwa nzuri, sasa dawa niache?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote katika kliniki ya presha ninayofanyia kazi hapa Tanga. Mwezi uliopita aliniuliza mzee mmoja wa Makorora, kadi mkononi, 126 kwa 78, uso umejaa furaha. Nikampa hongera yake, kisha nikamwambia, "Lakini baba, hiyo namba imeletwa na dawa. Mshipa wenyewe bado haujapona." Akavuta kiti karibu. "Mshipa gani tena, mwanangu?"

Nilichomweleza siku ile ndicho ninachokiandika hapa kwa urefu zaidi, kwa ajili ya kila aliyeambiwa ana presha ya kupanda na anataka kujua afanye nini akiwa nyumbani kwake.

Kilichomo ndani ya mshipa

Kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkuu unaotoka moyoni hadi vimishipa visivyoonekana kwa macho, umetandikwa ndani safu moja tu ya seli. Wataalamu huuita utando huo endothelia. Ndio unaogusana na damu usiku na mchana, na una kazi nyingi. Damu inapopita kwa kasi, seli hizo huuhisi msuguano wake na kutoa gesi iitwayo nitriki oksidi. Gesi hiyo hupenya hadi kwenye misuli iliyozunguka mshipa na kuilegeza, mshipa ukatanuka, damu ikapita bila kusukumwa kwa nguvu. Gesi hiyohiyo huzuia damu isigande ovyo na mafuta yasipate pa kujishikiza. Hudumu kwa sekunde chache tu, kwa hiyo utando unalazimika kuitengeneza upya muda wote.

Mwaka 1980 Robert Furchgott, mwanasayansi aliyekuwa Brooklyn, New York, alionyesha kwamba mshipa wa sungura ukikwanguliwa utando huu haulegei tena, hata ukitiwa dawa ambayo kwa kawaida huulegeza. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1998, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakawapima watu wenye presha ya kupanda, wakakuta mishipa ya mikono yao inalegea kidogo kuliko ya watu wasio na presha.

Hapo ndipo penye uzito kwetu. Presha kubwa huuchosha utando. Utando uliochoka hutoa gesi kidogo, mshipa ukabaki umekaza, na mshipa uliokaza huzidi kuipandisha presha. Unaweza kuishusha namba kwa vidonge na huku sigara, chumvi au sukari ya damu iliyopanda ikaendelea kuuumiza utando kimyakimya. Ndiyo maana nasema namba peke yake haitoshi.

Usihangaike na kipimo cha gharama

Kipimo cha utando huu kipo. Mgonjwa hulala chali, mkono wake ukafungwa mpira wa presha na kubanwa kwa dakika 5 mpaka damu isipite, kisha mpira unafunguliwa ghafla. Damu inaporudi kwa kishindo, mashine ya ultrasaundi huangalia mshipa wa mkono umetanuka kwa asilimia ngapi. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1992 na kundi la David Celermajer huko London. Hutumika zaidi kwenye utafiti, kwa sababu majibu hubadilika kwa kahawa uliyokunywa, chakula ulichokula, hata kwa saa ya siku. Mtu akikwambia ulipe fedha nyingi kupimwa "afya ya mishipa", muulize kwanza majibu hayo yatabadilisha nini katika matibabu yako.

Mimi ningetaka fedha hiyo iende kwenye vipimo vinavyopatikana karibu: mkojo kuangaliwa protini, damu kupimwa utendaji wa figo, sukari na mafuta. Kichujio cha figo ni mishipa midogo mno iliyotandikwa utando huuhuu. Ukiharibika, protini huanza kuvuja kwenye mkojo kabla mtu hajahisi lolote. Omba kipimo hicho angalau mara moja kwa mwaka, na ukiwa na kisukari pia usikubali kikosekane.

Kina baba wana dalili nyingine, na nitaisema wazi kwa sababu huku wengi huificha. Nguvu za kiume zikipungua kidogo kidogo, mara nyingi tatizo ni mishipa. Ile ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo hitilafu ya utando huonekana huko kwanza, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Mwambie daktari. Usikimbilie vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa mkononi mtaani, maana vingi vina dawa ya aina ya sildenafil, ile ijulikanayo kama Viagra. Mtu anayetumia vidonge vya nitrati vya moyo, vile vya kutuliza maumivu ya kifua, akivichanganya na hivyo, presha yake huweza kuporomoka hadi akafa. Na usiache dawa ya presha kwa siri ukidhani ndiyo yenye kosa. Ipo ya kubadilisha, ila lazima tujue.

Dawa zako zinafanya nini kwenye utando

Soma jina lililo kwenye boksi. Likiishia na "pril", kama enalapril, lisinopril au captopril, dawa hiyo huzuia mwili usitengeneze kemikali inayokaza mishipa na kuchochea sumu zinazoiua nitriki oksidi. Papo hapo huacha kemikali nyingine iitwayo bradikinini idumu zaidi, nayo huuamsha utando utoe gesi yake. Bradikinini hiyohiyo ndiyo inayowaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokoma. Ukikipata, njoo ubadilishiwe, usiache tu. Zinazoishia na "sartan", kama losartan, hufanya kazi ya kufanana kwa njia nyingine na kwa kawaida hazileti kikohozi. Makundi yote mawili hayafai kabisa kwa mjamzito, kwa hiyo mama anayepanga kubeba mimba atuambie mapema. Amlodipine hulegeza misuli ya mshipa moja kwa moja. Huweza kuvimbisha miguu, nayo ina tiba yake.

Dawa hizi hufanya kazi siku unayozimeza. Ukiziacha, mkazo hurudi, na utando ulioanza kupumzika hupigwa upya. Yule mzee aliponisikia mpaka hapo alifungua mfuko wake na kunionyesha kidonge kingine, diclofenac ya mgongo, aliyokuwa akiimeza kila siku kwa wiki kadhaa. Hilo ni jambo la kuangaliwa sana. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zake huweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya dawa zako na kuzibana figo. Maumivu yakikuandama, zungumza na mhudumu wa afya akupe njia nyingine, na kila ukija kliniki leta vidonge vyote unavyotumia, hata vya kienyeji.

Ramadhani ikikaribia, njoo kabla haijaandama. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, lakini zile za kukojoza zinahitaji kupangwa vizuri ili mtu asikaukiwe maji mchana wa jua kali. Na wapo ambao kwa hali yao tunawashauri wasifunge. Hilo huamuliwa na daktari anayemjua mgonjwa.

Chumvi: andika tarehe kwenye pakiti

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kila mtu akisikia hivyo hujibu, "Mimi natia kidogo tu." Basi fanya hivi. Nunua pakiti ya nusu kilo, andika juu yake kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja na gramu 5, hutumia gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ingeisha kwa siku 20. Lakini mkate, chipsi za barabarani, viungo vya mchuzi vya paketi na samaki wa chumvi vina chumvi yake tayari. Hivyo pakiti ya jikoni inatakiwa ichukue zaidi ya siku 20, na zikiwa 30 na kuendelea mko pazuri. Watoto wanahitaji chini ya hapo. Nimewaona kina mama waliopinga kabisa kwamba wanatia chumvi nyingi wakirudi na pakiti tupu ndani ya wiki mbili, na tangu siku hiyo hawakuhitaji mahubiri yangu.

Tafiti zimeonyesha kwamba mlo wenye chumvi nyingi hupunguza uwezo wa mshipa kutanuka ndani ya saa moja, na hata kwa watu ambao chumvi haiwapandishii presha. Ndiyo maana nasisitiza chumvi kwa nyumba nzima, si kwa sahani ya mgonjwa peke yake.

Ng'onda na papa hatutaviacha, najua. Viloweke usiku kucha, mwaga maji, loweka tena asubuhi, kisha usitie chumvi nyingine kwenye mchuzi. Tia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili manga, na ndimu iwe mwisho, chungu kikishaepuliwa, ladha yake isipotee. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Embe bichi la chumvi na pilipili na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa viwe vya siku moja moja, au omba ukatiwe pilipili tupu. Punguza polepole. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na chakula cha zamani utakiona kikali.

Kuna chumvi zinazouzwa ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Kwa wengi ni nzuri. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kukojoza iitwayo spironolactone, au dawa za "pril" na "sartan", asiziguse kabla ya kumuuliza daktari.

Mboga za majani, na kinywa chako

Mchicha na majani mengine ya kijani, pamoja na bitiruti, vina kemikali iitwayo nitrati kwa wingi. Ukiila nitrati, mwili huirudisha kwenye mate, bakteria wa juu ya ulimi wakaigeuza kuwa nitriti, nawe ukiimeza hiyo, sehemu yake huishia kuwa nitriki oksidi. Yaani mwili una mlango wa pili wa kuipata gesi ileile ambayo utando uliochoka unashindwa kuitoa. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha majibu ya wagonjwa 64 wa presha. Waliokunywa mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki 4 presha yao ilishuka kwa takriban milimita 8 za kipimo cha presha kwenye namba ya juu, ile inayosomwa kwanza, na mishipa yao ikatanuka vizuri zaidi. Walipoacha, presha ilirudi ilikokuwa. Usishtuke mkojo ukiwa mwekundu baada ya bitiruti, ni rangi yake tu.

Bitiruti si lazima. Hapa kwetu fungu la mchicha kwenye soko la Mgandini ni rahisi na lipo mwaka mzima. Tatizo ni tunavyoupika. Nitrati na potasiamu huyeyuka majini, kwa hiyo ukiuchemsha mchicha kwenye maji mengi, ukaukamua kwa mikono, ukayamwaga, umemwaga ulichokifuata sokoni. Osha kwanza, katakata baadaye. Weka sufuriani kitunguu na nyanya na mafuta kijiko kimoja, tia mchicha na maji yaliyobaki kwenye majani tu, funika dakika 3 hadi 5, epua ukiwa bado wa kijani. Tui likiwepo liwe jepesi. Kisamvu ni habari nyingine: hicho lazima kitwangwe na kichemshwe sana kwa sababu ya sumu yake ya asili, na maji yake ya kwanza yamwagwe.

Sahani ya mchana iwe nusu mboga, robo wali au ugali, robo samaki au maharage. Chai ya rozela isiyo na sukari imeonekana kushusha presha kidogo, inywe badala ya soda, isichukue nafasi ya vidonge.

Kwa kuwa njia hiyo hupitia mdomoni, angalia unasukutua na nini. Dawa kali za kusukutua zenye klorheksidini huua hata wale bakteria tunaowahitaji, na watu waliozitumia kila siku walionekana kupanda presha kwa milimita 2 au 3. Zitumie pale tu daktari wa meno amekuandikia. Mswaki, wa dukani au wa mti, unatosha kwa kila siku. Lakini fizi zinazotoka damu zikatibiwe. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi, na waliosafishwa kwa kina walikuwa na mishipa inayotanuka vizuri zaidi miezi 6 baadaye.

Panda baiskeli

Nilisema utando hutoa gesi unapohisi msuguano wa damu. Basi hakuna dawa inayouchezesha utando mwili mzima kama kutembea haraka au kuendesha baiskeli. Mji wetu ni tambarare na baiskeli zimo kila nyumba, nasikitika ninapoona mtu mzima mwenye afya anapanda bodaboda kutoka Ngamiani kwenda Chumbageni. Lenga dakika 30, siku 5 za wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anza na dakika 10 kama magoti yanagoma. Mama wa nyumbani anaweza kuzunguka Raskazone jioni na jirani yake upepo ukishatulia, akiwa na viatu vya kufunga, si ndala.

Mafundi cherehani, madereva na watu wa ofisini, sikilizeni hapa. Kukaa saa 3 mfululizo hupunguza uwezo wa mishipa ya miguu kutanuka, hata kwa kijana. Kila saa simama, tembea dakika 5, hata kama ni kwenda kujaza maji na kurudi. Namba ya juu ikiwa 180 au zaidi, au ukipata maumivu ya kifua unapotembea, usianze mazoezi mpaka daktari akuone.

Moshi

Sigara moja tu hupunguza kutanuka kwa mshipa muda huohuo. Anayekaa na mvutaji naye huathirika. Shisha si afadhali, na ugoro nao una nikotini inayokaza mishipa na kupandisha presha. Katika yote niliyoyataja, kama unavuta na una nguvu ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, acha kuvuta. Panga siku, waambie wa nyumbani, toa kibiriti na vijiti mfukoni, na siku tatu za kwanza epuka kijiwe ambacho wote wanavuta. Ukirudia, panga siku nyingine.

Usingizi nautaja kwa ufupi: lenga saa 7, na kama mwenzako anasema unakoroma kisha unakata pumzi, lete habari hiyo kliniki, maana kukosa hewa usiku huumiza utando na kuifanya presha iwe ngumu kutibika.

Kupima nyumbani

Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Usinywe kahawa wala kuvuta nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mpira ugusane na ngozi, usifungwe juu ya nguo, na mwenye mkono mnene atafute mpira mpana, kwani mdogo hudanganya kwa kupandisha. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, andika zote mbili. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7 kabla ya kuja kliniki. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi unaonyesha bado iko juu. Daftari hilo hutusaidia kuliko kipimo kimoja cha haraka kwenye foleni.

Ukipata 180 kwa 120 au zaidi na hujisikii vibaya, pumzika, pima tena baada ya dakika 5, kisha uonane na mhudumu siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya siku mbili kwa pamoja, wala kidonge cha jirani. Lakini ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kutotoka, macho kupoteza nuru ghafla, au mjamzito kuumwa kichwa sana, tafuteni gari wakati huohuo mwende hospitali, na mbebe vidonge vyake vyote na daftari lake.